Moyo Mtakatifu na Singlendi Yangu

Nikiri kabla sijamcheka mtu mwingine: nilipiga picha ya picha iliyomo ndani ya kioo cha fremu, saa sita mchana, mlango wa sebuleni wazi, jua limenipiga mwilini, na mwilini nilikuwa na singlendi tu. Sikuangalia nilichopiga. Nikaituma kwa mchoraji, nikarudi kwenye kochi langu hapa Goba nimeridhika kama mtu aliyefanya kazi.

Picha yenyewe ilikuwa ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mama aliniletea siku ya harusi yangu. Aliipakata kwenye basi kutoka Bukoba hadi Dar, imefungwa kwenye khanga, imeshabarikiwa na padri. Mie nikaitundika kwenye ukuta unaovuja, kwa sababu msumari ulikuwa tayari upo pale. Masika ya kwanza yakapita, ya pili yakapita, unyevu ukapanda kutoka chini, ukala vidole, ukala mikunjo ya joho, ukaanza ndevu. Kila mama akipiga simu aliuliza kama picha yake ipo. Namjibu ipo mama, inang'aa. Halafu akasema anakuja kukaa mwezi mzima. Nikaona heri nichorewe nyingine kuliko mama ajue kwamba zawadi yake niliiacha ioze, na kwamba miaka yote hiyo nilikuwa namdanganya.

Za kuchapwa zinauzwa nje ya kanisa kila Jumapili. Nikaziona za kishamba. Nilitaka ya kuchorwa kwa mkono, kama wanazotundika watu wa mtaa huu waliomaliza kujenga. Na hizo nazo, jamani. Nimezitazama sana, maana jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba, na mie nasali jicho moja liko ukutani. Kuna Karamu ya Mwisho moja juu ya televisheni, mitume wote sura moja kama watoto wa tumbo moja, wamenuna kama watu wanaosubiri umeme urudi, na ukiwahesabu wako kumi, nadhani mchoraji aliishiwa kitambaa. Kuna Bikira Maria aliyechongwa nyusi kama bibi harusi wa Sinza. Kuna Mchungaji Mwema amebeba mwanakondoo ambaye, usipoambiwa, utamfukuza atoke jikoni. Na mwenye nyumba amekukodolea macho, anasubiri useme kitu. Unasema imetulia. Huo ndio uongo tunaosameheana kabla hata ya kuungama.

Mchoraji wangu alikuwa Temeke. Kutoka Goba hadi Temeke ni safari, na safari yangu mie ndefu ni ya kutoka kochini hadi kwenye friji, kwa hiyo tukaelewana kwa simu. Akanieleza anavyofanya: anaigawa picha kwa miraba ya penseli, anachora mraba mmoja mmoja, na kilichomo kwenye mraba ndicho kinachohamia kwenye kitambaa. Haongezi, hapunguzi. Nikamsifu sana kwa uaminifu huo.

Ikaletwa na bodaboda asubuhi ile ile mama yuko njiani, ameshapita Morogoro. Nikafungua gunia. Uso, sawa. Ndevu, sawa, na ukungu wake akauchora pia, kijani kibichi, kwa uangalifu mkubwa. Chini ya ndevu palikuwa na mkono umeshika simu. Moyo ulikuwa unachungulia nyuma ya ile simu, ukitoa miale. Chini ya simu, singlendi nyeupe. Ndani ya singlendi, mraba kwa mraba, tumbo, hadi shimo la kitovu.

Nikampigia. Mie nilipandisha sauti, yeye hakupandisha.

"Braza, mie nachora nilichotumiwa. Nilijua ni wewe mwenye nyumba, umependa ukae karibu na Bwana. Wengi huwa wanaomba hivyo."

Nikamuuliza kama anaweza kulifuta tumbo. Akasema inawezekana, ila rangi ya mafuta ikauke kwanza, wiki mbili hivi. Mama alikuwa Kibaha.

Nikaitundika kwenye msumari ule ule, na kuanzia kwenye simu hadi tumboni nikafunika kwa shada kubwa la maua ya plastiki. Ukisimama mbali unaweza kusema ni heshima.

Mama aliingia, akaitikia shikamoo yangu macho yako ukutani. Nyuma yake akaingia jirani yangu, mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Pwani hii hii, ambaye kamba yake ya kuanikia nguo inatazamana na dirisha langu na kwa hiyo hana haja ya kuniuliza habari. Alileta sahani ya vitumbua kumkaribisha mgeni. Yeye akakaa. Mama hakukaa. Ana desturi yake: kabla ya kunywa hata maji, anaugusa ule moyo kwa vidole viwili, kisha anafanya ishara ya msalaba. Akayasogeza maua taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Vidole vikatua kwenye kitovu.

Vikabaki hapo. Akaniuliza, bila kugeuka, huyu ni mtakatifu gani. Nikaanza kueleza kwamba siku hizi kuna uchoraji wa namna mpya, kwamba ile picha yake nimeipeleka kwa fundi ikabadilishwe fremu, kwamba itarudi wiki ijayo. Jirani akarudisha kitumbua kwenye sahani.

"Mtakatifu wapi, mama, hilo ni tumbo la mwanao. Picha yako imeoza hapo hapo ukutani, na yeye kakaa kwenye kochi anaitazama, mvua hadi mvua."