Kulungu Ambaye Kanisa Halikumla

Spéciose, ambaye kanisani tunamwita Mama Mélissa, ana miaka hamsini na miwili, ni mfupi, na hapendi kumwambia mtu jambo mara mbili. Anakaa ghorofa ya kumi na saba pale St. James Town, huku ughaibuni, na siku tano kwa wiki hupanda basi kwenda Don Mills kuwahudumia wazee wasiojiweza. Baba yake alikuwa mwindaji kule Fizi tulikotoka, na hakumruhusu hata kugusa mkuki kwa sababu alikuwa msichana. Nadhani hasira hiyo alivuka nayo bahari. Aliposikia kwamba wanaume wa kanisa letu huenda kuwinda kulungu kila Novemba, alifanya mtihani wa bunduki akafaulu mara ya kwanza. Mimi, Moïse, niliufanya mara tatu, na naomba jambo hilo liishie hapa.

Kundi letu linaongozwa na Papa Eustache, na lina desturi moja tusiyoichezea: hujawa mwindaji mpaka kanisa limekula nyama yako siku ya sikukuu ya mavuno. Kabla ya hapo wewe ni mbebaji tu. Spéciose alibeba mizigo yetu misimu mitatu, nasi tukimtania kwamba mgongo wake ndio wenye leseni. Alitaka kitu kimoja tu, kuhesabiwa mwindaji, na kila mtu alijua.

Wakati sisi tunahesabu pembe, yeye alikuwa akimsoma mnyama. Ndiye aliyetufundisha kwamba kulungu mzima akikushuku hupiga ardhi kwa mguu wa mbele, masikio yakigeuka huku na huku, kisha huinua mkia ukaona weupe wa chini yake, na hapo ujue ameshakwenda. Tulipomuuliza amejulia wapi, alisema anashinda na wazee ambao hawawezi kueleza wanaumwa wapi, kwa hiyo amezoea kutazama shingo, miguu na namna mtu anavyomeza.

Novemba iliyopita zamu ya kupiga ikamfikia. Tulikuwa kwenye shamba moja, mwendo wa saa mbili kaskazini ya Richmond Hill, asubuhi, baridi imetukaza mashavu. Dume likatoka kichakani, likasimama hatua arobaini mbele yetu. Spéciose alilitazama muda mrefu mno. Nikasema moyoni, mama ameogopa. Kisha akafyatua mara moja tu, na dume likalala pale pale.

Tulimkumbatia, Papa Eustache akaanza kuimba. Yeye alisimama juu ya mnyama wake, macho yamemjaa machozi, na hayakuwa ya furaha.

"Papa Eustache, hii nyama hakuna mutu atakula," alisema. "Nilimupiga ili asiendelee kuteseka."

Leseni yake ilimruhusu kulungu mmoja tu kwa msimu, na alikuwa ameitumia kwa huyu mgonjwa akijua. Papa Eustache alicheka. Alisema huu ni mwezi wa madume kufuata majike, dume lililolewa mapenzi husahau woga, hata binamu zake wako hivyo. Spéciose akapiga magoti, akamwonyesha. Dume lililo kwenye msimu huvimba shingo na kutembea pua chini likifuata harufu ya jike. Hili shingo yake ilikuwa nyembamba, mbavu zinahesabika, mate yamelowesha kidevu, na kabla ya kupigwa lilikuwa likizunguka upande mmoja kama mtu aliyepoteza mlango. Hata mguu halikupiga chini.

Papa Eustache akasema moto unaua kila kitu. Spéciose akamjibu kwamba upo ugonjwa wa ubongo wa kulungu ambao hauishi hata nyama ikichemshwa siku nzima. Hakujua kama ndio huo, na ndiyo maana kichwa kingekwenda kupimwa. Akaipigia simu ofisi ya wanyamapori hapo hapo. Wakamwambia alete kichwa, na nyama isiguswe. Alikikata mwenyewe, akakifunga mifuko miwili, akakipeleka garini. Sisi tukaachiwa kazi ya kuufukia mwili kwa ruhusa ya mwenye shamba.

Tuliufukia, lakini ulikuwa umepungua paja moja. Papa Eustache alilificha kwenye boksi la barafu akisema hawezi kumkabili mchungaji mikono mitupu. Boksi nililibeba mimi. Naandika hivi bila kujitetea.

Jumapili ya sikukuu, chumba cha chini cha kanisa kilijaa. Watoto walishapanga mstari na sahani. Spéciose alikuja jikoni kuchukua wali, akasimama. Harufu ilimwambia, maana siku ile kundi halikupata mnyama mwingine. Akafunua sufuria.

"Moïse, ni nani alileta hii?"

Nilitazama viatu vyangu. Nikasema, ni mimi.

Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Alichukua chupa ya sabuni ya vyombo, akaimimina yote sufuriani, akakoroga mpaka povu likapanda. Kisha akatoka na mwiko mkononi, akawaambia watu wote kwamba kulungu alikuwa wake, kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba leo ni wali na maharage.

"Munichukie leo," akamaliza. "Kesho mutaamka wazima."

Papa Eustache alisimama kwa aibu. Mbele ya kanisa zima alimwambia kundi halina nafasi yake tena. Spéciose aliitikia kwa kichwa, akarudi jikoni kuiosha ile sufuria. Nilimwona mabega yakitikisika, lakini mikono haikuacha kusugua.

Majibu ya kupimwa kile kichwa yalikuja katikati ya Desemba. Spéciose aliyaleta kanisani, akampa Papa Eustache asome kwa sauti. Sentensi ya kwanza ilisema si ule ugonjwa wa ubongo, na hapo nikaogopa, kwa sababu mzee angeweza kuishia hapo na kumcheka. Aliendelea kusoma. Dume lilijeruhiwa kichwani, huenda kwa kupigana pembe na mwenzake, usaha ukaingia mpaka kwenye ubongo. Mnyama wa namna hiyo nyama yake haifai kuliwa na mtu.

Alisoma mara mbili. Kisha akamwendea Spéciose.

"Mama Mélissa, wajukuu wangu wanne walikuwa mbele kwa ule mustari," alisema. "Sahani niliwapatia mimi mwenyewe."

Spéciose hakumwambia pole, wala hakumkumbusha alivyomfukuza. Aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia mkobani, akatugeukia sote.

"Jumamosi saa tatu, mukuje na kalamu, niwafundishe kutambua munyama mugonjwa. Mwenye hatakuja, Novemba hapandi gari."

Tulikwenda wote kumi na mmoja, Papa Eustache akiwa wa kwanza.