Flash ya katuni iliyotuaibisha sebuleni, na jinsi akina mama wa Uvira tulivyompigia kambi kijana wa muziki

Wakuu, salamu kutoka Uvira, huku ziwani upande wa Kongo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani. Kiswahili changu kina mambo yake, mtanivumilia. Ninayosimulia ni ya kweli. Jirani yangu Mama Shukuru amesimama nyuma yangu anasoma kila neno, nikitia chumvi atanikata hapa hapa.

Twende.

Kwetu watu wengi hawapakui vitu wenyewe, mégas, yaani bando, ni ghali na network ni ya kubahatisha. Unachukua flash yako, unaenda kwenye kibanda cha muziki, kijana mwenye computer anakutilia nyimbo na filamu, unarudi nyumbani unachomeka kwenye TV. Basi.

Jumamosi moja nikamtuma Ansila, binti yangu wa miaka kumi na miwili, akatiliwe katuni na nyimbo za kwaya. Akaenda, akarudi mbio, furaha tupu.

Siku hiyo courant, yaani umeme, ilikuwepo. Na parseli yetu, yaani ua mmoja wenye nyumba kadhaa, ikiwa na courant, watoto wote wanahamia kwangu. Mimi nikabaki kibarazani na cherehani yangu, wao ndani wanacheka na katuni.

Mara kimya.

Wazazi mtanielewa. Watoto wakipiga kelele, wako salama. Chumba kizima kikinyamaza kwa pamoja, inuka.

Nikaingia. Sitaeleza nilichokikuta kwenye screen, mmeshaelewa. Filamu ya watu wazima, tena wazima kweli kweli. Katuni moja ilikuwa imeisha, TV ikaruka yenyewe kwenye kitu kinachofuata. Ansila ameshika remote kwa mikono miwili, anabonyeza kila kitufe, anaongeza sauti badala ya kufunga!

Niliruka viatu vya watu, nikang'oa waya ukutani.

Watoto wakatawanyika kama kuku. Ansila akapita chini ya mkono wangu, akaenda kujifungia jikoni.

Sasa hapo ndipo shida yenyewe ilianza.

Kabla sijapata pumzi, Mama Shukuru huyo mlangoni. Huyu ni mtu wa Rurambo, kule juu milimani kwenye ng'ombe, mlokole wa kweli, na sauti yake imezoea kuita kutoka kilima hadi kilima.

"Mama Ansila! Mutoto wako anaonyesha batoto bangu vitu gani?"

Parseli nzima ilisikia. Nadhani na samaki walisikia.

Kufikia jioni, binti yangu alikuwa na jina jipya. Watoto wakubwa wa jirani walimwita "Madame Filme". Jumatatu hakutaka kwenda shule. Alisema tumbo linauma. Mtoto ambaye huwa anaimba mpaka akiwa anasukwa nywele, hakutoa hata mlio.

Nikamfuata jikoni, nikakaa chini karibu naye, nikaanza kuchambua lengalenga kama vile nimekuja kwa hiyo mboga tu.

"Ansila, ule kaka wa muziki ulimuomba nini?"

"Katuni na nyimbo za chorale. Alinitilia dossier nzima." Yaani folda nzima.

"Na weye ulijua iko kitu ingine mule?"

Akaanza kulia. "Hapana, mama. Nilitafuta kufunga, ikakatala. Nilizani mutanipiga."

Wakuu, hilo neno la mwisho lilinichoma kuliko ile filamu. Mtoto kaona kitu cha kumtisha, na anachokiogopa zaidi ni mimi.

Nikamwambia, "Sikia. Hauna kosa. Hata kidogo. Ni mukubwa ndiye alikosea."

Akaniangalia kama anahesabu kama ni kweli. Kisha akachukua fungu la lengalenga, tukachambua wote.

Nikaenda kumwita Mama Shukuru. Nikamwambia twende wote kwa huyo kijana, ukasikie kwa masikio yako. Akajifunga kitenge upya, na mkijua wanawake wetu mnajua maana ya kufunga kitenge upya.

Kijana tumwite Dieumerci. Si mtu mbaya. Ana adabu, ana headphone shingoni muda wote.

"Ba mama, minye natiaka tu dossier nzima. Siangaliaka ndani."

Kumbe kwenye computer yake vitu vyote vinalala kitanda kimoja. Katuni, kwaya, mapigano na ule uchafu. Watu wazima wanaomba, anaweka. Mtoto akija, anapata mchanganyiko.

Tukamwomba atenganishe. "Ndiyo mama, kesho." Kesho yake tukapita, mtoto mwingine amesimama pale na flash yake mkononi, na hakuna kilichotenganishwa.

Mama Shukuru akaniangalia. Mimi nikamwangalia.

Asubuhi iliyofuata tulifika na vigoda vyetu. Mimi, yeye, na akina mama wengine wa parseli. Tukakaa mbele ya kibanda, tukatoa maharage ya kuchambua, tukaanza kupiga story. Hakuna matusi, hakuna vurugu. Tunasalimia kila mteja.

"Karibu baba! Unataka akutilie nini?"

"Euh... nyimbo za Mungu tu, mama."

Mwingine tena: nyimbo za Mungu. Kijana wa pikipiki mwenye miwani ya jua: nyimbo za Mungu, za zamani kama ziko. Wakuu, ile asubuhi Uvira yote iliokoka!

Mzee mmoja anayeheshimika sana mtaani akakata kona, akatuona, akasita, akauliza kama wanauza sabuni. Kibanda cha muziki! Mama Shukuru alicheka mpaka akamwaga maharage.

Mchana Dieumerci akavua headphone. Naye alikuwa anacheka, ila cheko la mtu mwenye njaa.

"Ba mama, mutaniua. Mukuje basi tupange."

Tukaingia. Akafungua dossier mpya, akaandika BATOTO kwa herufi kubwa. Kila katuni aliifungua kwanza, akairusha mbele mpaka mwisho, ndiyo akaiweka. Ule uchafu akau-delete tukiwa tunaangalia. Kama ana mwingine kwao, hilo ni lake na Mungu wake, lakini mule kibandani haumo tena. Na tukakubaliana: mtoto akija peke yake, anapewa BATOTO tu.

Halafu Mama Shukuru akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Aliporudi, alikusanya watoto wote uani, na kwa ile ile sauti ya milimani akasema:

"Ansila hakukosa! Minye ndiye nilisema mubaya. Mutu akimuita lile jina, atakuja kwangu."

Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwao Rurambo, akampa Ansila mkononi, mbele ya wote. "Madame Filme" ikafa siku hiyo. Shule akarudi.

Baba yake alipotoka safarini Luvungi nikamweleza yote. Alinuna kidogo, kisha akamwita Ansila, akamwambia, "Ukiona kitu kama kile tena, kuja tu. Hakuna fimbo."

Juzi kati Ansila alikuwa anatafuta zoezi la hesabu kwenye simu yangu. Nikasikia miguu inakimbia kuja kibarazani.

"Mama! Iko kitu mubaya imetokea yenyewe. Nimeigeuza chini, kuja ufunge!"

Simu imelazwa kifudifudi mezani, yeye amesimama pembeni, kiuno kimeshikwa, kama polisi anayelinda mwizi. Hana machozi. Kumbe ni tangazo chafu, nikalifunga, nikamwambia asante. Akarudi kwenye hesabu zake, anaimba.

Ndugu zangu, nilichojifunza ni hiki. Chujeni, tenganisheni, wekeni lock kwenye simu, ulizeni flash imetoka wapi. Lakini ule uchafu una miguu, siku moja utapita tu. Siku hiyo mtoto akikimbia, muhimu ni anakimbilia upande gani.

Haya, uwanja ni wenu. Nyie kwenu mmefanyaje? Na kama kuna mwenye katuni nzuri zilizoangaliwa mpaka mwisho, atutajie, Dieumerci anatafuta za kujazia BATOTO.