Mwenye Nondo na Kompyuta ya Mshauri

Kazini walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Akikosa mtu wa kuongea naye, aliongea na mashine. Alikuwa mwanamke mfupi, mama wa mapacha, aliyeanzia ufundi kwenye kibanda cha kaka yake cha kutengeneza redio kabla ya kusomea kompyuta. Shirika lililomwajiri lilihifadhi wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Waliishi kwenye nyumba za maficho, na anwani za nyumba hizo zilikuwa ndani ya kompyuta za ofisi.

Ulinzi wa kompyuta hizo ulikuwa wa kuungaunga. Kila mtu alijichagulia neno lake la siri. Wengine walilibandika pembeni mwa kioo, anayepita alisome. Chiriku akamwambia mkurugenzi, ambaye wote walimwita Shangazi, kwamba waziweke zote chini ya usimamizi mmoja wa mtandaoni.

"Yaani siri zetu unataka kuzipeleka mawinguni?" Shangazi akauliza.

"Wingu ni jina tu, Shangazi. Ni kompyuta za mbali tunazokodi. Mimi popote nilipo naziona mashine zetu zote. Ikiibiwa moja, naifunga. Nikitaka, naifuta ikabaki kama ilivyotoka dukani."

"Hata ukiwa jikoni kwako?"

"Hata nikiwa bafuni."

Wakacheka. Lakini wiki hiyo alikuwa amepokelewa mwanamke aliyechomwa pasi mgongoni na mumewe, msimamizi wa ujenzi. Shangazi hakuhitaji kubembelezwa zaidi.

Chiriku akazunguka meza hadi meza. Aliziandikisha mashine moja baada ya nyingine kwenye mfumo, akafuta maneno ya siri ya zamani na kuweka mapya. Aliyemsumbua ni mshauri, dada mpole aliyesikiliza wanawake kutwa nzima. Kila akifuatwa alisema, "Kesho, mwenzangu, leo nimebanwa." Hatimaye asubuhi moja Chiriku akaichukua kompyuta yake ya mkononi bila kungoja ruhusa, akaimaliza wakati mwenyewe amekwenda kunywa chai. Mashine ilikuwa ndiyo inawaka upya, na mshauri ndiyo anaingia, waliposikia mlinzi akipiga yowe getini.

Yowe lilikatika katikati.

Mlango ukapigwa teke. Aliyeingia alikuwa yule msimamizi wa ujenzi, ameshika kipande cha nondo, na nondo ilikuwa na damu. Viatu vyake vilijaa vumbi la saruji. Hakuwa amelewa, na hilo ndilo lililomtisha Chiriku zaidi.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kaka, tafadhali kaa tu…" mshauri alianza. Nondo ikampata begani, akaanguka juu ya kiti. Mume akamkamata nywele, akamburuta hadi mezani. "Najua mmeandika humu. Fungua!"

Mshauri, meno yakigongana, akataja neno lake la siri. Mume akaliandika kwa kidole kimoja. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa.

"Unanichezea?" Akamgonga uso kwenye meza. Damu ikamwagika juu ya vitufe.

"Ndilo hilo, wallahi, ndilo hilo!"

Ndilo lililokuwa, kabla ya chai. Chiriku alijua, na alijua kwamba akinyamaza mwenzake atauawa mbele ya macho yake kwa neno ambalo hanalo. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mwache. Mimi ndiye niliyelibadilisha. Yeye halijui."

Mume akageuka taratibu. "Haya. Sema wewe."

"Sisemi."

Akambana mkono wa kulia juu ya meza, akashusha nondo. Chiriku alisikia mifupa ya vidole ikivunjika kabla ya kusikia maumivu. Alipiga kelele mpaka koo likakauka, lakini neno halikutoka. Nondo ikainuka tena. Akamtukana mume yule, akamtukania hadi ukoo, akafumba macho.

Waliomwokoa ni mafundi wa kuchomelea vyuma wa karakana ya jirani, ambao Shangazi alikuwa amewafuata baada ya kujibana na kutokea dirisha la choo. Waliingia na nyundo. Wakambeba mume mzobemzobe hadi barabarani, na huko hapakuwa na simile: mateke, mawe, mkanda wa mashine. Mtu akaitisha petroli. Chiriku alisimama mlangoni, amekumbatia mkono wake, akiangalia. Hakusema waache. Alitaka waendelee. Ni Shangazi aliyejipenyeza katikati, akamlalia yule mtu kwa mwili wake mnene, akapiga kelele, "Hamtaua mtu mlangoni kwangu!" Akatolewa mikononi mwao akiwa hai, kwa shida, polisi wakamchukua.

Katika vurugu hiyo, kompyuta ya mshauri ikatoweka. Kuna mtu aliiona mezani, akaiona riziki.

Hospitalini, mkono ukiwa kwenye plasta, Chiriku akaomba simu ya Shangazi. Kwa kidole gumba cha kushoto akaingia kwenye mfumo, akaitafuta mashine ile, akatoa amri: futa. Jibu likaja kwamba amri inasubiri mashine iunganishwe na mtandao. Mchana ukapita, usiku pia, naye akiichungulia simu kila anapoamshwa na maumivu. Kesho yake mwizi, au aliyeuziwa, akaiwasha mahali penye mtandao. Anwani zote zilizokuwamo zikafutika.

Shangazi akaketi kando ya kitanda, akalia kwa mara ya kwanza.

Mlinzi alipona, ila sikio moja halisikii tena. Mume alifungwa. Mkewe alipoelezwa yote, aliuliza kama mumewe ameumizwa sana, akafunika uso kwa khanga, akamlilia. Chiriku alichukia kusikia hivyo.

Vidole vyake viwili havikunjiki. Aliporudi kazini zilikuwa zimebaki kuandikishwa kompyuta za stoo na ya mhasibu. Mshauri, mwenye kovu jipya kwenye paji la uso, akavuta kiti, akaketi mbele ya vitufe vya kompyuta ya mhasibu bila kuombwa.

"Niambie nibonyeze wapi," alisema.

"Kwanza toa hiyo karatasi kwenye kioo," Chiriku akamjibu, "kabla sijakutoa wewe."