Kila Mtu Akae Fasi Yake

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa msichana ambaye hajaolewa, tuliposimama mbele ya matete marefu tukaambiwa kwamba kanisa letu halijawahi kuwepo.

Tulikuwa tumerudi kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, ambako vita vilitukimbizia tukakaa miaka. Kanisa letu dogo, huku kwenye tambarare nyuma ya mji wa Sange, lilikuwa la matofali ya udongo mabichi na paa la nyasi, na mvua ilikuwa imelimaliza. Makaburi nyuma yake yalikuwa na misalaba ya miti, na mchwa hana dini. Sasa tajiri mmoja wa mjini alitaka kulima mpunga pale, na alikuwa amekuja na chefu, mkuu wa kijiji, pamoja na vibarua wenye mapanga.

“Munionyeshe kanisa,” chefu alisema. “Minye naona majani tu.”

Kusema kweli, hata sisi tuliona majani tu. Nilimvuta shangazi Nabintu, dada mkubwa wa baba yangu, nikamnong'oneza kwamba tufunike kombe mwanaharamu apite. Mashamba mengine yapo, nikasema, na wafu hawadai kitu.

Yeye hakunong'ona. “Weye, mama yako iko analala fasi gani hapa?”

Sikujua. Mama alizikwa nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni.

“Haujue fasi analala, na tayari unamutoa?”

Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akanipa kisogo, akawageukia watu waliokuja nasi. “Kila muntu akae fasi yake ya siku ya Mungu.”

Watu wakaingia ndani ya matete, kila mmoja akitafuta mahali alipozoea kuketi Jumapili. Unawajua watu wa kanisa, mwanangu: mwibie mbuzi wake atakusamehe, lakini usiketi mahali pake. Bibi wawili walianza kugombana palepale, mmoja akisema mgongo wake ndio uliokuwa unaegemea ukuta. Wanaume wakakaa kulia, wanawake kushoto, katekista mzee akasimama mbele. Waliofia ukimbizini waliachiwa nafasi zao wazi, na hakuna aliyeagiza hivyo. Ndipo nikaliona kanisa, na nililia bila aibu.

Kisha shangazi akapita katikati, akatoka pale palipokuwa mlango, akakata kona kama tulivyokuwa tunakata tukiwa na jeneza, huku akiimba polepole. Aliposimama aliomba jembe, akachimba. Tambarare ile haina mawe yake yenyewe, lakini jembe liligonga mawe ya mtoni, yamepangwa kwa mkono wa mtu juu ya kaburi.

“Mama yako iyo hapa,” akaniambia.

Tajiri aliona, na bado akawaamuru vibarua wake waanze kufyeka. Shangazi akaketi juu ya mawe yale, akanyoosha miguu. “Muanze na minye.” Nikaketi kando yake. Nyuma yetu hakuna aliyeinuka. Vibarua walikuwa vijana wa hapahapa, wakaweka mapanga chini. Chefu akasema atarudi. Alirudi, tena mara nyingi, na kila mara alitukuta tumekaa. Mpunga haujapandwa pale mpaka leo.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Methali za wahenga nazipenda, lakini hiyo naikataa, na nitaikataa mpaka nife.

Ninyi nanyi mnakimbia, mnarudi, mnakuta nyumba zimelala chini na mtu ameshika karatasi inayosema hapakuwa na kitu. Mwanangu, usikubali kwa sababu tu macho yako hayaoni. Waulize wakubwa wako, wakiwa bado wanakumbuka, nani amelala wapi, halafu nenda na wenzako mkakae hapo. Usiende peke yako. Mwacha asili ni mtumwa, na anayeanza kwa kuwaacha wafu wake atamaliza kwa kuwaacha watoto wake.

Mungu akupe ubishi wa shangazi yangu. Akulinde ukikimbia, akulinde ukirudi. Na ukizeeka, uketi juu ya udongo wako, asipatikane mtu wa kukuambia inuka.