Ndama Aliyekonda Huku Mizani Ikipanda

Eti kwa nini sifungi fundo mpaka bibi yako ampapase ndama?

Kwa sababu kuna ndama wa alpaka, hawa wanyama wetu wa sufu, alikonda mikononi mwangu huku mizani ikipanda, mjukuu wangu. Na nikaja kufungiwa naye.

Mimi kuandika sijui. Nina kamba. Kila Jumapili namfunga ndama ndani ya poncho langu, hili vazi la sufu la kujifunika, namtundika kwenye ndoano ya mizani kule kwenye kibanda cha mawe, kilo moja fundo moja.

Yule mweupe, mwenye uzi mwekundu sikioni, alizaliwa jua likiwaka. Saba.

Mvua zikaanza. Nane. Tisa. Zikamwagika kweli kweli. Kumi.

Bibi yako Eufemia akampapasa mgongo, akasema huyu mifupa mitupu, mama yake hana maziwa.

"Mizani imesema kumi," nikamwambia. "Mkono wako una namba?"

"Haujasoma, mzee. Ila mfupa unaujua."

Nikamcheka mbele ya mkwe wetu Nélida. Mjuaji mimi.

Jumapili iliyofuata mvua ya mawe ikatukuta njiani, mimi na ndama. Nimeingia tu kibandani, gogo la juu ya mlango likaachia, ukuta ukashuka.

Giza. Nikasukuma, wapi. Nikaita mpaka sauti ikakauka.

Ah, kwa mwanga kidogo wa kwenye ufa, nikampima. Kumi na moja! Nikafurahi, humo humo kaburini.

Nikawasha samadi kavu, nikalianika poncho. Ndama akaanza kulia ile mmm yao ya puani. Akaninyonya kidole. Sina hata tone.

Poncho likakauka. Kwa kukosa kazi nikampima tena.

Saba.

Nikajua mlima umenikasirikia. Nikarudia. Saba.

Ndipo nikaliangalia lile poncho. Nikakaa chini.

Mwezi mzima nilikuwa napima maji ya mvua.

Sasa mlango hakuna, maziwa hakuna, na yule niliyemshindisha njaa ananitazama usoni. Pa kugeukia hapakuwepo.

Mchana jiwe likasogea. Mkono wa Eufemia ukaingia wa kwanza, umeshika chupa ya maziwa ya kondoo, ya vuguvugu. Ndama akairukia kama kitu chake.

"Anaijua hii chupa?" nikauliza.

"Tangu wiki ya tatu," akasema toka nje. "Nikikusubiri wewe na mizani yako ungekuwa umelala na ngozi tupu humo."

Yeye na Nélida walitoa mawe yote kwa mikono.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, mizani pima, poncho liwe kavu. Na anayemshika mnyama kila siku, usimcheke.

Nyumbani Eufemia akapakua supu ya viazi vikavu. Bakuli langu akalipandisha na kulishusha kiganjani.

"Hili kilo ngapi, mzee?"

Nélida akapaliwa kwa kucheka. Ndama akajilaza karibu na moto. Nikavua poncho, tukakaa wote, tukala.