Mlima wa Kianyaga kwenye Ukuta wa Chaka

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, huko kwetu Kianyaga, chini ya mlima, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi bila kuzimaliza. Nimechuma chai, nimeuza mitumba, nimechimba visima. Iliyonidumu zaidi ni kazi ya kuchora kuta: mguu wa mbuzi kwenye bucha, kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye kibanda cha kinyozi. Nikifika mji mpya huangalia kwanza kuta zake.

Ndivyo nilivyojikuta katika shule moja ya msingi Chaka, mji mwingine chini ya mlima huohuo. Aliyeniita alikuwa mwalimu wa gredi ya nne, mwanamke mwembamba aliyevaa raba na sketi ya heshima, kwa sababu ndiye pia aliyefundisha michezo. Kila Ijumaa mchana alikuwa na vipindi viwili mfululizo vya kuchora, kuimba na kukimbia, na alikuwa karibu kuvipoteza. Mwalimu Mkuu alitaka viwe vya hesabu. Hakuwa mtu mbaya. Aliona watoto wanashindwa kugawanya, na hakuwa amewahi kuona mtu akinyimwa kazi kwa kutojua kuimba. Alikuwa amekubali kuja Ijumaa hiyo aone wanajifunza nini humo, kisha aamue.

"Nataka akiingia akute ukuta unaongea," mwalimu aliniambia. "Chora mlima, fundi. Mlima kila mtu anaujua."

Alhamisi niliuchora kutwa nzima bila kutoka nje kuutazama. Ya nini? Nilikuwa nimeuona kila asubuhi ya utoto wangu. Niliweka theluji, nikaweka msitu, na chini nikatandaza mashamba ya chai, kijani juu ya kijani. Nikichora nilikumbuka ratiba ya shule yetu. Nayo ilikuwa na kipindi cha sanaa, lakini kiliishi kwenye karatasi tu. Mwalimu aliingia na kitabu cha hesabu, nasi tukatoa madaftari ya hesabu, na hakuna aliyeuliza.

Ijumaa watoto waliingia wakanyamaza. Nikadhani wamependezwa. Kisha msichana mmoja mwenye kofia ya sufu akainua mkono.

"Mwalimu, hii ni mlima gani?"

"Ni mlima wetu."

"Si yetu. Yetu iko na jino."

"Na hapa chini ni nini?" akauliza mwingine. "Ati majani chai?"

"Chai, Chaka!" Darasa zima likacheka. "Fundi, umeleta chai, sasa mvua iko wapi?"

"Labda yeye huangalia mlima akiwa amelala."

Hapo nilikuwa nimeshaona kosa. Kwetu Kianyaga kilele huchungulia nyuma ya migongo mingi ya msitu, butu na cha upole. Chaka ni tambarare kavu ya viazi na vitunguu, na kilele kinasimama wazi kama jino lililovunjika. Nilikuwa nimezunguka miji yote ya mlima ule kwa miaka mingi, na sikuwahi kuuangalia upya, kwa kuwa nilishaujua.

Hata kutoka nje kuhakikisha hatungeweza. Mlima huonekana asubuhi; saa hizo za mchana mawingu yalikuwa yameufunika wote. Na Mwalimu Mkuu angefika baada ya nusu saa. Nilimwambia mwalimu naweza kupaka ukuta wote rangi nyeupe. Aliutazama kidogo.

"Acha," alisema. Kisha akawageukia watoto. "Tokeni nje. Bila vitabu. Mtaujenga huo wenu."

Uwanjani kulikuwa na matairi yaliyozikwa nusu. Msichana mrefu kuliko wote alipanda juu ya moja akawa jino. Waliomfuata waliinama wakawa bega, na wa mwisho wakapiga magoti.

"Rudi nyuma wewe, hapo umeshafika mji wa Naro Moru!"

"Bega ni refu. Nimeliona leo nikienda kuteka maji."

Waliimba huku wakijenga, njuga zao za kuimbia, za vizibo vya soda, zikilia miguuni. Wimbo ukiisha na mlima bado unabishaniwa, wote walikimbia hadi kwenye ua na kurudi, wakaanza tena. Mara ya nne ndipo Mwalimu Mkuu alipotokea, mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Alipoikunjua nilikuwa kando yake, nikaisoma: ratiba mpya. Ijumaa mchana palikuwa pameandikwa Hesabu, Hesabu.

"Hii ni nini?"

"Mlima, Mwalimu Mkuu," alisema wa kofia ya sufu, akiwa bado ameinama.

"Mlima gani? Bega haliko hivyo."

"Kutoka hapa liko hivyo."

"Kwetu Wamagana haliko hivyo."

"Basi tuchoree tuone."

Alipapasa mifuko yake. Akaigeuza ile karatasi, akailaza juu ya mkebe wa rangi niliotoka nao na kuniomba penseli. Alichora polepole, ulimi umetokeza kidogo, na mlima wa watoto ukabomoka ukamzunguka. Alipomaliza vilele akaongeza mgomba wa nyumbani kwao.

"Mwalimu Mkuu, mgomba umeshinda mlima."

"Uko karibu. Kitu cha karibu huonekana kikubwa. Funga jicho moja, pima na kidole gumba. Pima ule mti, kisha pima lango."

Watoto zaidi ya thelathini wakafumba jicho moja. Alipita kati yao akiwanyoosha mikono, akiwauliza kidole kimeingia mara ngapi, na kengele ikamkuta huko.

"Utatuachia mchoro wako?" mwalimu alimuuliza. "Tuuweke karibu na ule wa fundi."

Aligeuza karatasi, akaisoma kama barua ya mtu mwingine, akaigeuza tena. Nilimwona mwalimu ameshikilia filimbi yake kwa mikono miwili.

"Huu mgomba haujakaa vizuri," Mwalimu Mkuu alisema. "Nitaurekebisha Ijumaa ijayo."

Akampa karatasi na kuondoka, magoti ya suruali yakiwa na vumbi. Mwalimu aliingia darasani, akatafuta pini nne, akaibandika kando ya chai yangu, mlima wa Wamagana ukitazama watoto na ratiba ikitazama ukuta. Kisha akaniuliza kama ninaweza kuamka mapema Jumatatu, kabla ya mawingu.