Ghala la Aibu la Si Boujemaa

Watu wa mji wa Oujda walimjua Boujemaa Zerhouni, waliyemwita Si Boujemaa kwa heshima, kama fundi wa redio aliyehamia kwenye kompyuta pale redio zilipokosa wateja. Duka lake lilikuwa nyuma ya lango la Bab Sidi Abdelouahab, dogo kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, wa tatu husubiri nje. Wasichokijua ni kwamba kwenye kompyuta ya pembeni, ile aliyoifunika kwa kitambaa cha meza cha mkewe, alikuwa akitunza aibu za dunia nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mahali fulani, Izmir au Kairo au hata mtaa wa pili, anavunja mlango wa tovuti ya watu. Haibi kitu. Anaondoa ukurasa wa mbele na kuweka wake: fuvu la kichwa, bendera, matusi, na chini kabisa jina lake la kujibandika. Kisha anampelekea Boujemaa habari, upesi, kabla wenyewe hawajagundua. Boujemaa anafungua, anahakikisha kwa macho yake, anachukua nakala na kuiweka kwenye ghala lake la mtandaoni, wazi kwa kila mtu. Wenye tovuti wakija husafisha. Nakala inabaki.

Hakuna aliyemlipa wala kumwomba. Alianza kwa sababu wakubwa walikuwa wakidukuliwa kisha wakikana, na uongo ulimkera tangu utotoni. Baba yake alikuwa adul wa mahakama ya kadhi, mwandishi wa shahada za ndoa, mirathi na mauzo, na neno lake moja lilikuwa kama msumari nyumbani mwao: "Kilichoshuhudiwa hakifutwi, hata na aliyekiandika." Benki moja ilipomwandikia Boujemaa aondoe nakala yao, alikataa. Wakubwa fulani wa serikali walimtisha, akakataa pia. Alilala vizuri siku hizo.

Lakini mzigo ulikuwa mzito. Kila ukurasa lazima uangaliwe, na kurasa nyingine zilikuwa na maiti, nyingine uchi, nyingine zinamtukana Mungu. Macho yalianza kumuuma. Akawa anatawadha upya baada ya kila awamu ya kazi, ingawa hakuna shekhe aliyemwambia kwamba kuangalia kioo cha kompyuta kunatengua udhu.

"Unachunga jalala la watu," mkewe Rkia alimwambia, "halafu unashangaa nzi wametoka wapi."

"Mimi ni shahidi tu, bibi wee."

"Shahidi huitwa. Wewe nani kakuita?"

Alikuwa na desturi moja zaidi. Tovuti ikiwa ya ofisi, hospitali au shule, aliiwekea alama ya nyota, ili watafiti waione kwa urahisi. Hakuwahi kujiuliza nani mwingine anaziona nyota zile.

Siku moja baada ya alasiri akaingia Touria, Lalla Touria kwa heshima, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kunyamazisha uwanja. Yeye ndiye aliyeanzisha darasa la kusoma la akina mama kule mtaa wa Lazaret, wanawake walioolewa kabla ya kuijua alifu.

"Karibu, Lalla. Kompyuta imeugua?"

"Kompyuta yangu nzima. Ugonjwa uko kwako."

"Kaa kwanza."

"Nikae wapi, Si Boujemaa? Juu ya hizo nyaya?"

Akaeleza akiwa amesimama. Majira ya kuchipua, ukurasa wa darasa lao ulichafuliwa. Ilikuwapo picha ya akina mama wameshika vitabu. Mhuni akawabandika vichwa vya punda na kuandika maneno chini yake. Mpwa wake aliurekebisha siku hiyohiyo, akadhani yamekwisha.

"Juzi mtoto wa kiume wa Yamna, mwanafunzi wangu, anatafuta mtandaoni jina la darasa letu. Unajua kinachotokea mwanzo kabisa? Si sisi. Ni ghala lako. Mama yake, kichwa cha punda! Amemkataza kuja. Majirani wameona, nao wanawatoa wake zao. Nina viti vitupu, ndugu yangu. Na Yamna alikuwa amebakiza kidogo tu aweze kusoma mwenyewe tangazo la chanjo."

"Sikuchora mimi, Lalla."

"Najua hukuchora. Umetundika."

Boujemaa akajaribu kumweleza kanuni yake. Akamtaja baba yake, akataja benki, akataja wakubwa. Akifuta kwa ajili yake leo, kesho atawaambia nini wenye nguvu? Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho kama asikilizavyo mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani.

"Mungu amrehemu baba yako, Si Larbi. Ndiye aliyeandika ndoa yangu," alisema. "Nakumbuka walikuja wawili. Adul haandiki peke yake, na hawakukaa na upande wa bwana harusi tu. Walinigeukia mimi, wakaniuliza kama nimeridhia. Wewe mwenzako yuko wapi? Na sisi, ulituuliza lini?"

Akatoka. Boujemaa alibaki na bisibisi mkononi, hajui alikuwa akifungua nini.

Aliutafuta ukurasa ule. Aliyeufanya alijiita Nge wa Mashariki, mmoja wa wateja wake wa kila mara, kama unaweza kumwita mteja. Ujumbe wake wa wakati ule bado ulikuwapo: "Ami yangu, hii ni shule, usisahau nyota yangu." Na chini yake jibu la Boujemaa mwenyewe: "Nimethibitisha. Nyota umepata." Alilisoma jibu lile kana kwamba limeandikwa na mtu anayefanana naye kwa sura tu. Alitafuta ndani yake neno moja la kumkemea kijana yule. Hakulikuta.

Akafuta. Mara ya kwanza tangu aanze. Moyo ulimpiga kama wa mtu aliyetoka msikitini amevaa viatu vya mwenzake. Hakujua ametenda haki au amevunja amana ya baba yake, na alipojaribu kufikiri, kila upande ulikuwa na hoja.

Chai yake haijapoa, ujumbe ukaingia.

"Salaam, ami yangu. Kazi yangu moja imepotea ghalani, ile ya shule ya kina mama. Usijali, hitilafu ni kawaida. Nitaupiga tena ukurasa wao uchukue nakala mpya. Mungu akupe afya."

Adabu ile ndiyo iliyomchanganya zaidi. Angetukana, Boujemaa angejua la kufanya. Akiirudisha nakala, akina mama wanaaibika. Asipoirudisha, wanapigwa upya. Akaandika kwa vidole vizito: "Usiwaguse. Hao ni mama zetu."

"Ami, mimi sina ubaya nao hata kidogo," Nge akajibu. "Siwajui ni nani. Nataka nyota tu."

Mtu aweza kushika taa maisha yake yote akiamini anawaangazia wapita njia, kumbe anayeifuata ni mwizi anayehesabu milango. Kutofanya uovu kwa mkono wako si usafi, ikiwa mwovu hatoki kwake mpaka ahakikishe uko macho. Hili Boujemaa alikuwa na akili ya kulijua mapema, na hakulijua, kwa sababu kanuni nzuri ya baba ilimpumzisha asitafute. Alikuwa ameirithi nusu.

Aliondoa nyota zote. Kisha akafunga mlango wa kupokelea habari, akaandika mahali pake: "Hapa hakuna anayepokea tena." Kuhusu nakala za zamani, zile za benki na za wakubwa, alizipitia moja baada ya nyingine. Baadhi zilikuwa ushahidi wa kweli, na nyingine zilikuwa kina Yamna wengine wasiojua njia ya kufika dukani kwake. Hakujua jinsi ya kuzitenga. Akaziacha, akakifunika kioo kwa kitambaa.

Siku ya darasa alikwenda Lazaret kwa miguu. Aliona ni wajibu wake kuwaambia mwenyewe kwamba picha imeondoka, na kwamba huenda ikarudi. Baadhi ya viti vilikuwa vitupu. Kwenye kiti cha mbele alikaa Yamna, mwanamke mzee mwenye hina mikononi. Lalla Touria alikuwa amekwenda kwake asubuhi, akabishana na mwanawe mlangoni mpaka akamruhusu mama yake aje.

Boujemaa alisema aliyokuja kusema, akiangalia sakafu.

"Mwanangu hakunionyesha," Yamna akasema. "Alisema tu nimechekwa. Kiliandikwa nini?"

"Upuuzi, mama. Usijitaabishe."

"Nimekuuliza kimeandikwa nini. Wameona Kairo, umeona wewe, wameona wote isipokuwa mwenye kichwa!"

Mmoja akaangua kicheko. Lalla Touria akampa Boujemaa chaki bila neno. Akasimama mbele ya ubao, akaandika kwa herufi kubwa: PUNDA HASOMI.

Yamna alikunja uso, akasogeza kidole hewani, herufi baada ya herufi. Midomo ilitangulia sauti. "Pu... nda." Akapumua. "Ha. So. Ha-so... mi." Akarudia yote kwa mara moja, kwa sauti, na akina mama wakapiga vigelegele kama wapo harusini.

"Na wewe ulikuwa ukikiweka hiki?" akamwuliza Boujemaa, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa kweli. "Ukimwekea nani, mwanangu?"

Boujemaa aliwafikiria watafiti, na ukweli, na baba yake akichovya kalamu. Hakuna hata kimoja kilichokubali kuwa jibu.

"Sijui, mama."

"Basi futa ubao, kama hujui. Unatuchelewesha."

Akachukua kifutio. Alikishika juu ya neno lile kitambo, mpaka Lalla Touria akakohoa, ndipo akafuta. Akatafuta pa kupita katikati ya viti, kanzu yake imejaa vumbi la chaki, na nyuma yake akina mama walikuwa wameshaanza neno jingine.